Malaika wa Ng'ambo

Mtu wa visiwani akitajiwa Ng'ambo, moyo wake huenda Unguja, kwenye mitaa iliyo upande wa pili wa lile hori la zamani lililoutenga Mji Mkongwe. Tabora nayo ina Ng'ambo yake, ilhali mji huo hauna bahari, hauna hori, wala hauna mto wa kuvukwa kwa ngalawa. Maji makubwa yaliyo upande wake wa magharibi ni Ziwa Tanganyika, nalo liko mbali kwa zaidi ya kilomita 300. Katika nyumba moja ya Ng'ambo hiyo ya bara, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mwembe uani, pamewekwa sebuleni tangi la kioo lenye urefu wa mita 1, juu ya meza nzito ya mninga. Ndani yake wanaishi malaika wanne.

Malaika ndilo jina walilokuja nalo kutoka dukani Dar es Salaam, na mwenye nyumba hakuona sababu ya kulibadili. Mswahili wa pwani akiwaona angeliwaita vitatange bila kusita, kwa kuwa umbo ni lilelile: mwili bapa mfano wa sahani iliyosimamishwa, mapezi ya juu na ya chini yaliyorefuka kama tanga na usukani, na milia myeusi ishukayo wima juu ya fedha. Lakini kitatange ni wa bahari, mkazi wa matumbawe, ilhali hawa ni wa maji baridi, na kwao ni mto Amazoni na vijito vyake huko Amerika ya Kusini. Wataalamu wa Ulaya waliwaandika vitabuni mwaka 1823. Kwa nasaba ni jamii moja na perege na sato, na pia kuhe wa Ziwa Tanganyika, ambaye ni mmoja wa wakubwa kabisa wa ukoo huo duniani. Habari hii ilimfurahisha sana mwenye nyumba, maana aliona kwamba amepokea wageni walio na jamaa zao sokoni. Hata hivyo, pwani jina la kitatange hutumiwa pia kwa mtu mfitini, na kwa tabia jina hilo lingewafaa zaidi wale wanne kuliko la umalaika. Hugombana kwa ajili ya kona, hugombana kwa ajili ya jani, na aliye mkubwa humfukuza mdogo mpaka mapezi yake yakachanika.

Mwenye nyumba ni fundi vioo, aliyezaliwa mwaka 1949. Madirisha mengi ya mitaa ya Isevya na Gongoni yamepita mikononi mwake. Tangi alilijenga mwenyewe kwa kioo cha milimita 8 na gundi ya silikoni, kwa sababu mjukuu wake, binti wa miaka 8 anayelelewa pale, aliona tangi la namna hiyo katika picha akataka lake. Lita 170 za maji ni uzito wa gunia moja na nusu la mahindi na zaidi; ndiyo maana ya ile meza ya mninga.

Malaika walifika Machi 2023 kwa basi, ndani ya boksi lililozungushiwa kanga, kila mmoja katika mfuko wake wa plastiki uliojazwa theluthi ya maji na theluthi mbili za hewa. Kabla ya safari walishindishwa na njaa siku nzima, wasije wakayachafua maji yao wenyewe njiani wakafa kwa sumu. Kutoka pwani hadi Tabora basi huchukua siku moja. Burton na Speke walipoishika njia hiyo mwezi Juni 1857, katika msafara wa wapagazi na punda, walifika Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba. Reli nayo ilifika mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa ilifuata nyayo zilezile za misafara. Fundi huyajua haya yote kwa moyo. Wazee wa Tabora huitaja njia hiyo kama watu wa visiwani wanavyozitaja pepo za kaskazi na kusi.

Ufugaji wa samaki wa kioo ni elimu ya maji kwanza, elimu ya samaki baadaye. Tangi likijazwa leo halikaliki kesho. Yapasa maji yakae mwezi mzima na chujio likizunguka, mpaka vizalike vijidudu visivyoonekana ambavyo huigeuza sumu ya mavi na makombo kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Maji ya bomba yana klorini, nayo huua. Hivyo fundi huyaacha ndooni siku nzima kabla ya kuyamimina. Malaika hupenda maji laini, na wakati wa masika fundi hukinga ya mvua akayachanganya. Joto litakiwalo ni kati ya nyuzi 25 na 28. Msomaji wa pwani huenda akashangaa kwamba Tabora pana haja ya kipasha maji, lakini mji uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,200, na usiku wa Juni na Julai una baridi yake. Umeme ukikatika usiku huo, tangi huvikwa blanketi, na fundi huketi kitini akichota maji kwa kikombe na kuyarudisha kutoka juu, apate kuyatia hewa. Mke wake husema kwamba hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kukeshewa hivyo.

Chakula ni jambo jingine. Kopo la chakula kikavu lilikuwa likitoka Dar es Salaam, nalo lilikuwa ghali. Kwa hiyo fundi alitafuta vya karibu. Aliweka ndoo ya maji chini ya mwembe, na baada ya siku chache ikawa imejaa viluwiluwi vya mbu. Akawa anavichota kwa kichujio cha chai, kila asubuhi, bila kukosa, asiache hata kimoja kikaota mbawa. Jirani mmoja alilalamika kwamba mzee anafuga malaria. Fundi alimjibu kwamba kila kiluwiluwi aliyeliwa ni mbu mmoja aliyepungua Ng'ambo, jambo ambalo ni kweli maadamu mfugaji hasafiri. Samaki hupewa kidogo mara mbili kwa siku, kile wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili au tatu. Samaki wa kioo hufa zaidi kwa ukarimu wa mwenyewe kuliko kwa njaa, kwani kinachobaki huoza, na katika lita 170 hakuna pa kukimbilia.

Miezi miwili baadaye waliletwa kamba. Walikuwa kumi, wekundu kama pilipili iliyoiva, wasiofika sentimita 3 kwa urefu. Pwani mtu angeliwadhania uduvi, lakini hawa ni wa maji baridi, asili yao mito ya mashariki ya Asia, na wekundu wao ni kazi ya wafugaji waliowachagua kizazi baada ya kizazi. Kazi yao tangini ni kuokota makombo na kukwangua ukungu wa kijani, kama wafagiaji wa alfajiri. Mjukuu aliwahesabu kila siku kabla ya kwenda shule. Siku ya tano aliona mmoja amelala juu ya changarawe, mweupe, mtupu, haonekani ndani yake chochote. Alilia, akamwopoa, akamzika chini ya mwembe. Kesho yake akahesabu, wakawa kumi. Akahesabu tena, wakawa kumi vilevile. Ndipo babu yake alipomweleza kwamba kamba hana mfupa. Nguo yake ndiyo mfupa wake, nayo haikui pamoja naye, na kila baada ya wiki chache hulazimika kuipasua na kutoka. Alichokizika ni joho lililovuliwa.

Lakini baada ya kulivua joho kamba hubaki laini, hujificha, na wakati huo ndipo huliwa. Juni walikuwa wanane. Agosti walikuwa sita. Malaika walikuwa wanakua, na midomo yao ilikua pamoja nao, na samaki huyu hana ila kanuni moja: kinachoingia kinywani ni chakula. Fundi alitia vigae vya chungu na gugu zito la majini, apate kamba mahali pa kujisitiri, akawa anawalisha malaika vizuri kabla ya magharibi. Malaika aliyeshiba humpita kamba kana kwamba hamwoni. Malaika mwenye njaa hana msalie Mtume. Mmoja wa kamba alionekana amebeba mayai tumboni, na kwa wiki tatu nyumba nzima iliongea kwa sauti ya chini.

Oktoba malaika walitokwa na madoa meupe mwilini, kama waliomwagiwa chumvi. Ugonjwa huo huletwa na kijidudu, na dawa yake ya zamani ni shaba. Mtu mmoja alimshauri fundi atie mrututu, naye alikuwa na mrututu nyumbani, wa vidonda. Alipima kwa uangalifu, akatia. Madoa yalikwisha. Lakini shaba iliyo dawa kwa samaki ni mauti kwa kamba, hata ikiwa chembe tu, na asubuhi wote walikuwa chini, pamoja na yule wa mayai. Shaba si mgeni Tabora. Ilipita hapo kutoka Katanga katika siku za Msiri, mwana wa nchi hizi za Unyamwezi na Usumbwa aliyekwenda huko kibiashara akajijengea ufalme wa Garanganze, mpaka alipouawa Desemba 1891. Lakini hayo hayakumfariji mtoto. Kwa siku mbili hakumsemesha babu yake. Fundi aliiosha changarawe yote, akatupa gugu, akabadili maji mara nyingi, na Februari 2024 wakaletwa kamba wengine kumi na wawili.

Mwaka huohuo, tarehe 15 Mei, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Habari hiyo haikupaswa kuigusa nyumba ya fundi kabisa, na sababu yake itafuata. Lakini karibu na wakati huo kijana aliyekuwa akileta makopo ya chakula aliacha kazi ya basi. Kiangazi nacho kilikuwa kimeshika, ndoo ya chini ya mwembe ikapoa, viluwiluwi vikaadimika. Fundi alijaribu kiini cha yai la kuchemsha, maji yakawa kama maziwa. Alijaribu njegere zilizomenywa, malaika wakazitema. Na jioni walianza kuzunguka juu ya gugu, vichwa chini, wakingoja. Mjukuu alihesabu kumi na mmoja, kisha tisa.

Kila aliyeulizwa alitoa jibu lilelile: dagaa. Dagaa wa Kigoma hukaushwa kwa jua bila chumvi; wakiondolewa vichwa, wakatwangwa na kuchekechwa, hupatikana unga ambao samaki yeyote wa jamii ya perege huupenda. Kwa sababu ya kufungwa kwa ziwa walikuwa wachache sokoni na bei ilikuwa imepanda, lakini walikuwapo. Fundi aliitikia kila ushauri kwa kichwa, akarudi nyumbani mikono mitupu. Hali hiyo iliendelea kwa wiki mbili.

Dagaa wa Kigoma hawakuwahi kuingia katika nyumba ile. Katika Tabora hilo ni ajabu, kwa maana tangu reli ilipofika ziwani magunia ya dagaa hushushwa stesheni kama yanavyoshushwa ya asali na ya mpunga, na hakuna jiko la maskini wala la tajiri lisilonukia dagaa angalau mara moja kwa juma. Mke wa fundi alipoolewa mwaka 1974 aliambiwa na mama mkwe, kwa upole, kwamba humu ndani samaki wa ziwa hapikwi. Alichukulia kwamba ni mwiko wa ukoo, kama wengine wasivyokula nyama ya mnyama fulani, na bibi harusi mwenye adabu haulizi mwiko wa watu. Miaka hamsini hakuuliza. Majirani nao walichukulia vivyo hivyo.

Haukuwa mwiko wa ukoo. Mama yake mama wa fundi, aliyeuanzisha, hakuwa na ukoo aliokuja nao. Aliletwa akiwa mtoto kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, katika miaka ya mwanzo ya 1890, wakati misafara ya watumwa ilikuwa ikielekea ukingoni na bado inapita. Walivushwa kwa dau kutoka Mtowa hadi Ujiji, kisha wakatembezwa kwa miguu, Malagarasi, Uvinza, mpaka Unyanyembe. Akanunuliwa Tabora, akakulia Tabora, akazaa Tabora. Kwa amri ya Wajerumani, mtoto aliyezaliwa na mtumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 alikuwa huru. Kwa hiyo mama wa fundi, aliyezaliwa wakati wa vita vya kwanza vya dunia, alizaliwa huru katika mikono ya mama ambaye sheria ilikuwa bado inamhesabu mali. Waingereza waliufuta utumwa Tanganyika mwaka 1922. Yule bibi aliishi hadi 1958. Alipika, alicheka, aliswali, alilea wajukuu. Alikula perege wa mabwawa na kambare wa mbugani. Samaki wa ziwa hakuwagusa.

Mambo ya namna hii hayasemwi Tabora, kama yasivyosemwa Unguja, Bagamoyo na Kilwa. Mtu akiulizwa kabila hujibu Mmanyema, au Mnyamwezi, au Mswahili tu, na jibu huwa si uongo. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanakijua kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao Tabora, na mwenyewe akafariki Unguja mwaka 1905. Ni kitabu cha kwanza cha namna yake katika lugha hii, na Kiswahili chake ni kizuri, kikavu, cha mtu wa hesabu: pembe kadhaa, frasila kadhaa, watu kadhaa. Hao watu kadhaa hawakuacha kitabu. Wengine waliacha nyumba isiyopika dagaa.

Jioni moja ya Julai mjukuu alihesabu kamba wanane. Alikwenda uani alikokuwa babu yake akinoa kisu cha vioo.

"Babu, si ununue dagaa?"

"Humu hatuli dagaa, mama."

"Si wetu. Wa malaika."

Fundi alinyamaza. Mtoto akasubiri, kisha akauliza swali ambalo mkwe hakuliuliza miaka hamsini.

"Kwani dagaa wana nini?"

"Hawana kitu. Bibi yangu alikuwa hawali."

"Kwa nini?"

"Alivuka lile ziwa akiwa mdogo kuliko wewe."

"Na nani?"

"Na watu wengi."

"Mama yake alikuwemo?"

"Walipopanda dau alikuwemo."

Mtoto aliyezoea kuhesabu alielewa. Hakulia, tofauti na siku ile ya joho la kamba. Aliuliza kama babu alikuwa anajua zamani, naye akasema kwamba alisikia siku moja tu, mwaka ule wa 1958, bibi akiwa mgonjwa na akimwambia binti yake, na yeye, mtoto wa miaka 9, amesimama mlangoni na kata ya maji aliyotumwa kuileta. Alingoja mpaka walipomaliza ndipo akaingia. Hakuna aliyemkataza kusimulia. Wala hakuna aliyemuuliza.

Nyuma ya pazia la jikoni mke wake alikuwa ameacha kuosha vyombo.

Asubuhi fundi alikwenda sokoni akarudi na kikombe kimoja cha dagaa ndani ya gazeti. Kinu hakukitoa jikoni. Aliazima cha jirani, akaketi chini ya mwembe, akawatoa vichwa mmoja mmoja, akatwanga. Wapita njia walitaniana kwamba mzee amekuwa tajiri, katika bei hizi anatwangia samaki samaki wengine. Unga ulipochekechwa ulijaa mkebe mdogo wa kahawa. Mtoto alichukua kwa ncha za vidole viwili, kama anayekoleza chumvi, akanyunyiza.

Malaika walipanda. Yule mkubwa alionja, akatema, akaonja tena, na baada ya hapo hakukuwa na mjadala. Chembe zilizowapita zilishuka polepole hadi kwenye vigae vya chungu, na kutoka ndani ya gugu wakatoka kamba, kwanza miguu, kisha ndevu, wakaanza kuokota. Mtoto alihesabu wanane. Baadaye akaona kitu kama uzi mwekundu kikitembea juu ya kigae, kisichozidi punje ya mtama, na nyuma yake kingine, akaacha kuhesabu.

Kabla ya kwenda shule aliuliza yule bibi aliitwa nani. Fundi alimtajia majina mawili, lile alilopewa Tabora, na lile la kabla ya ziwa, ambalo mama yake alimnong'oneza mara moja alipokuwa kijana na ambalo mke wake naye alikuwa hajawahi kulisikia. Majina hayo yamebaki nyumbani mwao.

Mkebe uliwekwa rafuni jikoni, karibu na chumvi ya Uvinza. Katikati ya Agosti ziwa lilifunguliwa, na baada ya siku kadhaa magunia yakaanza kushuka stesheni kama kawaida. Mke wa fundi aliufungua ule mkebe, akanusa, akaufunga. Siku ya pili yake, wakati fundi anavaa viatu ili aende kwenye dirisha la mtu huko Isevya, alimwambia kwamba akipita sokoni, zaidi ya kile kikombe cha malaika, achukue na nusu kilo, wasikatwe vichwa.